Ukuta wa Darasa la Pili

Buseresere,
27 Januari 2025

Mdogo wangu Vumilia,

Hujambo, na watoto wa Darasa la Pili hawajambo? Mimi naendelea. Daktari ameniambia nilale tu mpaka nijifungue, nisitembee zaidi ya kwenda uani, basi nimelala hapa kwa dada yangu Asteria kama gunia la mpunga. Tungeweza kuongea kwa simu, lakini mzigo huu hauingii kwenye simu, na barua nimeona ipande humo humo. Utaupokea kwa kondakta wa basi la asubuhi, pale stendi ya Tinde.

Ndani kuna kadi za namba, moja mpaka mia. Nimezikata kwa mkono, manila ya njano kwa namba shufwa, ya bluu kwa witiri. Zibandike ukuta wa nyuma kwa safu za kumi kumi, kadi ya kumi ikae chini ya ishirini, sio kinyume chake, ili mtoto aone namba inavyopanda. Usitumie gundi ya dukani, inang'oa rangi. Chemsha uji wa muhogo.

Ukuta wa mbele usiuguse. Lile bango la duka, mizani na saa ya kadibodi nilivitengeneza mwaka jana likizo nzima, na watoto wamevizoea. Wewe endelea tu pale nilipoishia. Kujitolea ni jambo jema, mdogo wangu, lakini darasa la mwenzio huingiwa kwa kunyata.

Kuna mtoto anaitwa Limi, anakaa dirishani. Haongei. Nilikuwa naye mwaka mzima wa Darasa la Kwanza na hakunijibu swali hata moja. Usimlazimishe. Nina namna yangu ya kumfikia, nitaendelea nayo nikirudi.

Wako,
Mwl. Martina


Tinde,
10 Februari 2025

Dada Martina,

Shikamoo. Mzigo nimeupokea, kadi zote salama. Tumezibandika kwa uji wa muhogo kama ulivyosema, na watoto wawili walikomba sufuria nilipogeuka. Ukuta wa nyuma sasa unapendeza, hata walimu wa madarasa ya juu wanapita kuchungulia.

Sasa nikuambie habari mbaya mapema. Upepo wa mvua ya Jumatano iliyopita uling'oa bati juu ya ukuta wa mbele. Tulipoingia asubuhi bango lako la duka lilikuwa limelowa, wino umeteremka mpaka sakafuni. Saa na mizani nimeviokoa. Bango halikuokoka. Nilikaa mbele yake nikashindwa hata kuita majina.

Ukuta ulibaki mtupu, na mimi hela ya manila sina. Nikaenda kwa Bwana Mihir, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, akanipa magunia matupu. Watoto wakaleta udongo mwekundu, majivu na mkaa wa kuchorea. Nilikuwa nafundisha makumi na mamoja, na kila nikitaja makumi walinitazama kama mgeni aliyepotea njia. Nikauliza, nani anachunga nyumbani kwao? Mikono yote ikawa juu. Nikasema, haya, zizi letu hili halifungwi mpaka ng'ombe wafike kumi. Wasipofika kumi wanangoja nje, hao ndio mamoja. Kila gunia ni zizi. Ishirini na saba ni mazizi mawili, na ng'ombe saba wako nje wanakula majani. Dada, walielewa kabla kengele haijalia.

Halafu Limi. Aliondoka dirishani, akaja mpaka ukutani, akaweka kidole kwenye zizi walilochora wenzake, akasema, "Hili limepungua. Si ikumi." Tukahesabu. Walikuwa tisa. Mimi nikajifanya sikushangaa, nikamwambia, "Basi tuchoree wa kumi." Akamchora, ana pembe moja.

Nimeona nikuandikie haraka, najua utafurahi kuliko mtu yeyote.

Mdogo wako,
Vumilia


Buseresere,
19 Februari 2025

Vumilia,

Barua yako imefika. Pole na mvua. Bango la duka lingeshushwa mapema lingepona. Upande ule huvuja kila mwaka, nilidhani nilikuambia.

Kuhusu ng'ombe, nimesoma mara mbili. Ni wazo, sikatai. Lakini fikiria, mtoto akizoea kwamba kumi ni zizi, siku akikutana na kumi ya machungwa atafanyaje? Na hicho Kisukuma. Sisi tunafundisha kwa Kiswahili, na mtihani hautamwuliza Limi habari za ikumi. Tena usijipe sifa upesi. Mtoto amesemeshwa mwaka mzima, amekuja kufungua mdomo siku ambayo wewe ndiye umesimama pale. Mvua hainyeshi kwa ajili ya mtu aliyebeba mwavuli.

Nakutumia mifuko ya makumi na mamoja. Nimeishona kwa vipande vya kitenge nikiwa nimelala, sindano inaniangukia kifuani. Mfuko mwekundu ni wa makumi, wa kijani ni wa mamoja, na vijiti nimevifunga kumi kumi kwa raba. Itundike ukuta wa mbele. Yale magunia yashushe, uyaweke stoo mpaka nirudi tuyaangalie pamoja.

Asteria anasema kila barua yako ikifika presha yangu inapanda. Ni utani wake tu.

Mwl. Martina


Tinde,
4 Machi 2025

Dada Martina,

Shikamoo, na pole kwa kushona ukiwa kitandani. Mifuko ni mizuri mno. Nimeitundika ukuta wa mbele, kando ya mazizi.

Ndiyo, magunia sikuyashusha, nisamehe. Nilipoanza kufungua kamba watoto walisimama wote. Walinitazama kama watu wanaotazama ng'ombe wao wanaswagwa na mtu mwingine. Nikazifunga tena. Nikaona ukirudi utawaambia mwenyewe, wewe wanakuheshimu.

Wiki iliyopita Afisa Elimu Kata, Mama Zipora, alitutembelea. Aliingia kwetu kwa kupita tu, akakaa mpaka mapumziko. Limi alimshika mkono akampeleka ukutani akamfundisha arobaini na tatu, kwanza kwa mazizi, kisha kwa mifuko yako. Mama Zipora akauliza nani amebuni haya, nikamjibu. Akapiga picha. Ameniandika jina niende Mwanza mwezi wa nane, kwenye maonyesho ya zana za kufundishia ya Kanda ya Ziwa, na amesema tukifanya vizuri ataniandikia barua ya kunipendekeza kwenye maombi ya ajira. Dada, toka nimalize chuo naomba ajira kila zinapotangazwa, na kila mara jina langu halimo. Sikuamini masikio yangu.

Kuna wakati nakaa kwenye meza yako, naliona jina lako kwenye ratiba ukutani, natamani ningekuwa wewe. Una ajira, una mume mwenye kazi mgodini Mwadui, na sasa Mungu anakupa mtoto. Taabu hujawahi kuijua. Niombee na mimi nipate japo robo yake.

Mdogo wako,
Vumilia


Buseresere,
8 Machi 2025

Mwalimu Mkuu,
Mwl. Athanas Mayala

YAH: UFUNDISHAJI WA HISABATI DARASA LA PILI

Shikamoo Mwalimu Mkuu. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nikiwa bado kitandani kwa ushauri wa daktari, nimepokea simu za wazazi wawili wa Darasa la Pili. Wanalalamika kwamba watoto wao wanafundishwa kwa Kisukuma, na kwamba saa za masomo wanachezea udongo na majivu mpaka wanarudi nyumbani wachafu. Aidha, zana nilizoziacha ukuta wa mbele hazipo tena, na mahali pake pametundikwa magunia.

Nimesikia pia kwamba binti anayejitolea amejitambulisha kwa Afisa Elimu Kata kama mbunifu wa zana za darasa hilo, na ameandikwa kuiwakilisha shule Mwanza. Sina neno na hilo. Naona tu kwamba mtu asiye mwajiriwa kuiwakilisha shule kwa kazi isiyo yake kunaweza kuleta maswali baadaye, na maswali hayo yatakuja kwako wewe.

Napendekeza apewe kazi nyingine mpaka nitakaporejea. Naandika kwa nia njema kabisa, wala sina kinyongo naye.

Wako mtiifu,
Mwl. Martina Bujiku


Tinde,
17 Machi 2025

Mwalimu Martina,

Marahaba. Tunakuombea ujifungue salama.

Barua yako nimeifanyia kazi. Malalamiko ya wazazi siwezi kuyafumbia macho, shule nyingine za jirani zimeingia matatani kwa mambo madogo kuliko hayo. Binti nimemwondoa darasani. Nilimpa kazi ya kutunza stoo ya vitabu, akashukuru, lakini kesho yake hakuja. Darasa lako nimeliunganisha na la Tatu kwa Mwalimu Adam. Wanabanana, hakuna njia. Yale magunia nimeagiza yashushwe.

Hakubisha. Aliuliza tu wazazi hao ni akina nani, ili akawaombe radhi. Nikamwambia si utaratibu kutaja.

Kuna jambo moja sikulielewa katika barua yako. Siku ile ya Afisa nilikuwepo mlangoni. Alipoulizwa nani amebuni, binti alisema mbele yetu sote, "Ukuta huu ni wa Mwalimu Martina. Mimi nimeongeza ng'ombe tu." Hata kwenye safari ya Mwanza aliomba liandikwe jina lako kwanza. Mama Zipora ndiye aliyekataa, akasema mzazi mwenye kichanga hawezi safari ile. Labda aliyekupa habari alisikia vibaya.

Upone haraka.

Athanas Mayala
Mwalimu Mkuu


Tinde,
19 Machi 2025

Dada Martina,

Shikamoo. Pengine umeshasikia. Nimeondolewa darasani. Mwalimu Mkuu anasema wazazi wamelalamika, na Mwanza nimefutwa.

Sijui nimemkosea nani. Nimewaza kila mzazi, wale wa njia ya mnadani, wale wa karibu na kisima, sioni. Kisukuma nilitumia, siwezi kukataa. Nilidhani ni mlango tu wa kuingilia, wakishaingia tunaendelea kwa Kiswahili.

Nakuomba kitu, na sijazoea kuomba. Wewe wazazi wanakusikiliza, na Mwalimu Mkuu pia. Ungemwandikia neno moja tu juu yangu. Si lazima unisifu. Sema tu kwamba unanifahamu na kwamba sikuwa na nia mbaya.

Magunia yalikuwa yachomwe pamoja na takataka za Ijumaa. Nimeyakunja nimekutumia kwa basi, kwako yatakuwa salama. La Limi liko katikati kabisa, lisikwaruzike. Nilimwona leo darasani kwa Mwalimu Adam nilipokwenda kuaga. Hasemi tena. Nilipompungia mkono aligeuza uso.

Mdogo wako,
Vumilia


Buseresere,
26 Machi 2025

Mwalimu Mkuu,

Shikamoo. Barua hii haina kichwa cha habari.

Hakuna mzazi aliyenipigia simu. Yale maneno niliyatunga mimi, nimelala hapa hapa. Vumilia hakufanya kosa lolote. Bango langu lilinyeshewa, yeye akatafuta la kufanya, likawa zuri kuliko langu. Hilo ndilo lililoniuma. Yeye kuja kuniomba nimtetee ndilo nisiloweza kulivumilia.

Mrudishe darasani, umrudishie na safari yake. Mwambie ni mimi. Mara tatu nimeanza kumwandikia mwenyewe, na kila nikianza naona mkono unaandika uongo mwingine wa kujifunika. Kama kuna adhabu kwa mwalimu aliyemsingizia mwenzake, iandike kwenye faili langu, nitasaini.

Martina


Tinde,
14 Julai 2025

Vumilia,

Sijui kama utaifungua barua hii. Mwalimu Mkuu alipotuma mtu akuite ulikuwa umeshahama, na namba yako haipatikani. Shangazi yako hakutaka kuniambia ulipo. Nilikwenda kwake mara kadhaa, safari ya mwisho nikiwa na mtoto mgongoni, ndipo akasema Katoro, akanipa jina la shule.

Ni mimi. Nadhani ulishaambiwa. Nilimwandikia Mwalimu Mkuu kwamba wazazi wamelalamika, na hapakuwa na mzazi. Uliponiandikia kwamba Afisa aliuliza nani amebuni ukamjibu, sikutaka hata kujua ulijibu nini. Nilikuwa nimeshaamua umesema, "Ni mimi." Kwenye nafasi yako mimi ndivyo ningesema.

Nilijifungua mwezi wa nne, mtoto wa kike, tumemwita Melania. Waliomtangulia wawili tuliwazika kabla hawajapata majina. Hukujua kwa sababu sikukuambia. Uliniona mtu mwenye kila kitu, na mimi nilipenda uendelee kuniona hivyo. Halafu nikiwa nimelala pale, sijui kama huyu naye atakaa, linakuja basi na barua yako, imejaa watoto wanaocheka. Watoto wangu. Nilikuchukia, Vumilia. Nilikuwa nashona mifuko na kukuchukia.

Nimerudi darasani wiki iliyopita. Magunia nimeyatundika ukuta wa mbele, na mifuko yangu kando. Siku ya kwanza kabisa waliuliza Mwalimu Vumi yuko wapi. Niliwaambia aliondoka kwa sababu mimi nilimsemea uongo. Mtoto mmoja akauliza kama nilichapwa. Nikasema bado. Limi alichukua madaftari yake akahamia dawati la mwisho, na toka siku hiyo akinijibu ni kwa kichwa tu.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Wanapotaja jina lako najikuta nafuta ubao hata kama hauna kitu. Ijumaa walimsahihisha mwenzao, "Mwalimu Vumi anahesabu kuanzia zizi, siyo kuanzia nje," na mimi pia nilikuwa nimeanzia nje.

Mwalimu Mkuu amezungumza na Mama Zipora. Nafasi ya Mwanza bado ipo, imeandikwa jina lako peke yako. Rudi. Darasa ni kubwa, tutaligawana, uchague upande unaoutaka.

Martina


Katoro,
27 Julai 2025

Mwalimu Martina,

Salaam. Hongera kwa Melania. Na poleni kwa hao wawili. Ningejua, nisingeandika yale maneno juu ya taabu. Hilo linanisumbua, ndiyo maana nimelitanguliza.

Mwalimu Mkuu hakuniambia kitu. Nilijua kabla ya wiki kwisha. Nilipotoka stendi kukutumia magunia nilianza kuzunguka nyumba za wazazi, moja baada ya nyingine, niombe radhi kwa kila mmoja ili nimpate yule aliyekasirika. Hakuna aliyekuwa amekasirika. Mama yake Limi alinikalisha akanipa maziwa, akasema mtoto anahesabu mpaka kuku wa jirani. Nilipomaliza nyumba ya mwisho alibaki mtu mmoja tu ambaye sijamwuliza, na mzigo ulikuwa umeshaondoka na basi kwenda kwake. Nilikaa chini kwenye majani nikacheka, halafu si kicheko tena.

Sitarudi. Hapa ni shule ya mtu binafsi, nyuma ya soko la wachimbaji, mabanzi chini na bati juu. Mshahara si wa kujivunia, ila mwisho wa mwezi unafika. Wiki ya kwanza niliwachorea mazizi, wakanicheka. Mtoto wa hapa hajachunga hata mbuzi. Anajua karai, anajua kiroba cha mawe, anajua sauti ya karasha linalosaga mawe toka alfajiri. Basi ukuta wangu ni viroba. Tumekubaliana karai kumi ni kiroba kimoja, zinazobaki chini ndizo mamoja. Mmoja alikataa kabisa, anasema kiroba cha baba yake hujaa kwa karai sita. Tulibishana naye mpaka mchana, tukapatana kwamba cha darasani ni kikubwa kuliko cha baba yake. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wenzake, na ni mkali kunizidi.

Mwanza nitakwenda, lakini si kwa jina la Tinde. Mwenye shule alituma picha za viroba, wamenipa meza upande wa mkoa wetu huku, Geita, imeandikwa jina langu kamili. Kwa hiyo nafasi ya Tinde, upande wa Shinyanga, ichukue wewe, uwapeleke ng'ombe. Andika chini ya kila gunia majina ya watoto waliolichora. Lako usiliandike, na langu pia usiandike.

Kuhusu Limi, acha kumwuliza maswali. Chora zizi lenye kosa halafu ukae kimya. Hawezi kuvumilia zizi lenye kosa. Akija kukusahihisha kwa Kisukuma, mwache amalize.

Sijakusamehe. Nasema wazi ili usije ukanikumbatia mbele za watu pale Mwanza nikashindwa pa kuweka mikono. Labda itakuja, sijui. Lakini mbebe Melania, nimwone.

Na utapita mezani kwangu, najua huwezi kuacha kupita. Ukiona viroba vyangu vikakuuma, usimwandikie mtu. Niambie mimi.

Mwl. Vumilia